Ndimu Zangu na Bahasha Yenye Lakiri

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Miezi minne bila hata mstari mmoja! Sina udhuru. Kalamu ilikuwapo, wino ulikuwapo, uvivu ukazidi.

Sasa nina sababu. Ndimu zangu zinaibwa! Jana nilihesabu ishirini na tatu mtini. Leo kumi na tisa. Namshuku Seremala, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye Jumamosi atashindana nami kuwania uenyekiti wa wazee wa mtaa. Mwizi wa ndimu hawezi kuwa mwenyekiti. Nikimkamata, kiti ni changu.

Fundi amefunga kamera juu ya mlango wa jikoni, ielekee mndimu. Alitaka video zihifadhiwe katika kompyuta za mbali, nchi nisizozijua. Nikakataa. Mambo ya nyumbani mwangu yalale nyumbani mwangu. Basi kila kitu kinaingia katika kadi, ndogo kama ukucha, iliyomo ndani ya kamera yenyewe. Mtu akiruka ukuta tu, simu yangu inapata ujumbe. Namshukuru fundi. Alinieleza mara tatu bila kukunja uso.

Jumatano, 5 Machi

Ajali ndogo. Mke wangu alikuwa sokoni. Buibui alitanda utando mbele ya kamera. Nikapanda kigoda niufute. Kigoda kikateleza!

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kiti cha barazani, mto nyuma ya kichwa, miwani usoni. Yaani nilianguka, nikainuka, nikajipeleka barazani, na wala sikumbuki! Namshukuru Mungu kwa mwili huu. Wenzangu wa rika langu wangevunjika nyonga.

Na habari njema: kamera imetuma ujumbe kwenye simu. Saa nne na dakika saba, mtu ameonekana ukutani. Za mwizi arobaini!

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ameuliza kwa nini siitazami video. Nikamweleza kwamba nilisimamia mitihani kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna msimamizi anayefungua bahasha kabla watahiniwa hawajaketi. Ushahidi ni vivyo hivyo. Nimeichomoa kadi, nimeitia katika bahasha, nikapiga lakiri ya nta nyekundu, nikatia saini mara mbili.

Akanisihi: "Baba watoto, itazame kwanza, utanishukuru." Sauti ilikuwa na wasiwasi. Anamhurumia Seremala. Nashukuru kupewa mke mwenye moyo laini.

Jumamosi, 8 Machi

Wazee watano sebuleni kwangu. Seremala akakaa karibu na mlango, kofia magotini. Nikawataka wathibitishe kwamba lakiri haijavunjwa. Wakathibitisha. Nikaikata bahasha, nikaitia kadi katika kompyuta.

Jumanne asubuhi. Mke wangu anachuma ndimu nne. Anampa mke wa Seremala kwa juu ya ukuta. Anapokea fungu la mboga. Mboga niliyoila na kuisifu! Mzee mmoja akakohoa, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba ndimu zilikuwa zinaozea mtini huku mwenyewe akizihesabu.

Jumatano. Mimi juu ya kigoda. Mimi chini, kama gunia. Kisha Seremala anaruka ukuta, na goti lake lile bovu! Ananibeba kuelekea barazani. Anarudi. Anaokota miwani yangu, anaipangusa kwa shati lake, anaondoka nayo taratibu kama aliyeshika yai.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mwalimu, ungeniuliza nani aliniruhusu kuruka ukuta."

Wakacheka hadi wakafuta machozi. Hata mimi. Ni kweli ningemwuliza. Nikasimama, nikampendekeza yeye awe mwenyekiti. Sauti ilinitetemeka, na si kwa wivu tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na shukrani tele. Nimempelekea Mwenyekiti kikapu cha ndimu. Kumbe anazo nyingi.

Lakini haifai mtu mmoja atangulie kwa wema daima. Lazima nami nimwokoe! Nimekwisha kupanga. Kamera ya pili, juu ya ukuta, ielekee uani kwake. Ana paa bovu na ngazi mbovu zaidi. Ataanguka tu, Mungu akipenda. Simu italia, nami nitaruka. Kisha kadi itaingia bahashani bila kutazamwa, ifunguliwe mbele ya wazee wote. Safari hii nitapiga lakiri mbili.

Mke wangu ameniambia nisiwe punda, ambaye asante yake ni mateke. Tena, ua ni wa Seremala, kwa hiyo ni yeye wa kukubali au kukataa. Amekwenda kumwuliza. Nawasikia ng'ambo ya ukuta, yeye, Seremala na mkewe. Wanacheka sana. Dalili njema.

Wakishaamua, shajara yangu, nitakuandikia.