Ekzosi ya Kauri

Abdulshakur aliiona Honda ile kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa imesimamishwa kwenye gereji ya fundi Stanslaus pale Kagongwa, pikipiki ya XL ya zamani, zile walizokuwa wakitamba nazo mabwana shamba wa pamba. Tangi lilikuwa limepakwa rangi upya, siti imeshonwa upya, spoku zinameremeta. Ekzosi peke yake ndiyo iliyobaki na kutu na tundu ubavuni, kama jino bovu kinywani mwa bibi harusi.

"Hii ya nani, fundi?"

"Ya Mama Generosa, mnunuzi wa dhahabu," Stanslaus alijibu bila kuinua kichwa. "Aliachiwa na marehemu baba yake. Anataka irudi ilivyotoka dukani. Sasa hiyo ekzosi imetushinda, mpya haipatikani."

Dhahabu! Moyo wa Abdulshakur ulipiga teke. Tusimlaumu haraka, jamani. Kule Shinyanga mchumba wake, Zuhura, alikuwa amempa neno la mwisho: Ijumaa jioni wajomba wanakaa kikao, aje na pete ya dhahabu ya kweli, la sivyo asikanyage pale tena. Pete ya kwanza ilimgeuza mtoto wa watu kidole kikawa kijani, na Abdulshakur akaapa kwamba tatizo ni sabuni. Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Ajabu ni kwamba tapeli huyu alimpenda Zuhura kwelikweli, tena mpaka usingizi ulikuwa unampaa.

Yeye mwenyewe alikuja na XL vilevile, pacha wa ile ya gereji, ila ya kwake ilikuwa na ekzosi mpya ya stenlesi inayong'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Ndicho kitu pekee alichowahi kukinunua kwa jasho lake. Akaipaki makusudi mahali pa kuonekana, akasubiri.

Mama Generosa alikuja na kandambili zake na kitenge kilichopauka, mkoba wa mizani begani.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, ng'wanawane. Kalibu Kagongwa. Habali za safali?"

Abdulshakur, mtu wa mjini aliyezoea kujitangaza kuwa mzaliwa wa Tanga, alizisikia zile L za Kisukuma zikiteleza mahali pa R, akatabasamu moyoni. Huyu ni kitoweo cha kulumangia, alijisemea.

"Mama, nimeona chombo cha marehemu mzee, machozi yamenilenga. Nani amekudanganya kwamba ekzosi hiyo ni ya kutupa? Hiyo inahitaji kauri tu. Utaalamu wa Kijapani! Unaipaka, inakamata chuma, kutu haigusi, moto hauitishi. Tazama ya kwangu pale."

"Ile yako ni ya kauli?"

"Ya kauri, mama yangu."

"Hebu nifungulie niishike."

Aliifungua mbio mbio. Mama Generosa akaipima mkononi, akaigonga kwa ukucha, akaigeuza juani taratibu, halafu akapaza sauti.

"Stanslaus! Njoo usikie na wewe. Haya baba, ludia. Hii ni kauli?"

"Kauri tupu!"

"Usije ukanigeuka baadaye. Kauli kweli?"

"Mama, naapa mbele ya fundi, kauri mwanzo mwisho!"

"Wabeja, asante. Basi ipake na ile ya kwangu. Bei utaniambia ukimaliza, hatutashindwana."

Bei Abdulshakur alikuwa nayo tayari: punje moja ya dhahabu, ya kutosha kidole cha Zuhura. Akaibeba ekzosi ya kutu nyuma ya mashine ya mpunga, ya kwake akaiacha mkononi mwa mama, na huko utaalamu wa Kijapani ukafanyika hivi: rangi ya silva ya kupaka mageti, gundi, na kikombe cha mama ntilie kilichovunjika, akakisaga kwa jiwe mpaka kikawa unga. Tundu akaliziba kwa uji huohuo. Akaianika kwenye bati, na ilipokauka, wallahi, hata yeye alishawishika kidogo. Kilichobaki ni kuonya kwamba pikipiki isiwashwe hadi kesho, kwa kuwa kauri lazima ilale, kisha kupokea punje na kuondoka.

Alikuwa bado njiani kurudi gerejini aliposikia Honda inanguruma, laini, tamu. Alipiga mbio. Mama Generosa alikuwa ameketi juu ya pikipiki ya baba yake, na chini yake iling'aa ekzosi ya stenlesi.

"Mama! Hiyo ni yangu!"

"Nani amekataa? Ni yako. Nimeichukua kwa kauli."

Kagongwa, hata mtoto wa kunyonya anajua mali kauli: unachukua mzigo kwa neno la mdomo tu, ukishauza ndipo unampelekea mwenyewe chake.

"Nilisema kauri! Kau-ri!"

"Kauli, ndiyo," alisema Stanslaus kwa uso wa msibani. "Umeapa mbele yangu, kaka. Mwanzo mwisho."

"Haya, mtaniuzia lini hiyo mnilipe?"

"Pikipiki ya marehemu baba?" Mama Generosa alishika kifua. "Haiuzwi hii, ng'wanawane. Utasubili sana."

Gereji nzima ililipuka kwa kicheko. Abdulshakur akatishia kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Twende," alisema mama, akashuka. "Tubebe na hiyo uliyoipaka. Tuiwashie moto palepale mezani kwake, tuone."

Abdulshakur aliitazama ekzosi mkononi. Akaificha nyuma ya mgongo.

"Kila siku wananiletea shaba iliyopakwa dhahabu," Mama Generosa aliendelea, na sasa kila R ilitoka imenyooka. "Ifunge kwenye yako, mwanangu. Kauri halisi, rangi nzuri, haiogopi moto. Barabara ya Shinyanga ni rahisi. Safari njema."

Rangi ilianza kuvimba malengelenge kabla hajafika Isaka. Pale madereva wa malori walikohoa na kumtukania moshi. Mbele ya Tinde kile kizibo kikachomoka, na kuanzia hapo Honda ilinguruma mpaka ng'ombe wakavunja mstari. Zuhura alimsikia tangu anaingia mtaani. Abdulshakur alimkuta mlangoni, wajomba wamejipanga nyuma yake.

"Pete iko wapi?"

Uongo ulimjia mwingi, mzuri, umejipanga foleni: majambazi, sonara mgonjwa, polisi wa kizuizini. Akautazama uso wa Zuhura, akauacha wote upite.

"Sina. Nimetapeliwa, Zuhura. Kagongwa, na mama mmoja wa kandambili. Wallahi hiyo ndiyo kweli."

Wajomba walitazamana. Halafu Zuhura akacheka, akacheka mpaka akashikilia mlango, na machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Wewe? Wewe utapeliwe?" Akajifuta uso kwa kanga. "Abdulshakur, siku zingine angalau ulikuwa unajitahidi kutunga uongo."

Akafunga mlango.