Ombi la Kupinga Ushindi Wangu

Kwa Mheshimiwa Jaji Mfawidhi,
Mahakama Kuu.

YAH: KUMCHUNGUZA MSULUHISHI WA MALALAMIKO YA FEDHA, ALIYETUMIA HIARI YAKE VIBAYA KWA KUNIPA USHINDI

Mheshimiwa,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini kwa cheo hicho shikamoo haipotei.

Mimi ni mume wa mwenye saluni iliyoungua. Bima ya saluni ilikatwa kwa jina langu, kwa kuwa siku hiyo mke wangu alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Moto ulipoziteketeza draya zake tatu, zile zenye kiti, mtu anakaa chini yake hadi nywele zikauke, kampuni ya bima ilikataa kufidia, eti nyaya zilikuwa kuukuu. Nikamwendea Msuluhishi, mama ambaye sheria imempa hiari ya kuamua lile analoona ni la haki na la busara. Akaamua nimeshinda. Uonevu ulianzia hapo, na nitauhesabu.

1. Mama huyu hakuamulia ofisini kama watu wenye adabu. Alikuja saluni bila hodi, maana sinki na benchi vilinusurika moto, akakaa benchi la wateja, akaoshwa nywele. Angeoshwa bure ningekuwa na hoja nzuri ya rushwa. Alilipa, tena akadai risiti. Naomba mahakama iione hila iliyomo.

2. Akiwa pale aliwauliza wateja saluni ni ya nani. Wewe mwenyewe unajua, Mheshimiwa, mtu aliyeinamishiwa kichwa kwenye sinki hafichi neno. Mmoja akasema mimi huonekana saa ya chakula tu. Ni kweli, lakini ukweli huo hauna kifungu.

3. Basi akaamuru kampuni isinipe pesa taslimu, bali inunue draya mpya tatu, azipokee mke wangu na asaini yeye, na zimeshafika. Mkataba una saini yangu kila ukurasa. Nilishapanga kununua pikipiki, na kofia yake ninayo tayari. Sasa naivaa nikienda dukani kwa miguu, na watu wazima na akili zao wananipigia honi kwa midomo. Imeniuma sana.

Kweli, tangu moto ule mke wangu, akishaosha vichwa saluni, alikuwa akisuka nyumba kwa nyumba, kikapu cha vitana mkononi, akirudi miguu imevimba. Nilimwonea huruma, na maji ya moto nilimchemshia. Lakini maji ni maji na mkataba ni mkataba.

4. Naambiwa mahakama haipimi kama uamuzi ni mtamu au mchungu. Inatazama kama njia ilikuwa halali, na kama mtu mwenye akili timamu angeweza kuufikia. Mimi nina akili timamu na nisingeufikia. Mnataka ushahidi gani tena?

5. Hiari ikiachwa hivi itatuua. Leo draya ni za anayesuka. Kesho jembe litakuwa la anayelima, na nyumba ya anayeifagia. Sisi wenye saini tutaponea wapi? Naomba uamuru kila msuluhishi asome mkataba neno kwa neno, asitoke ofisini, asiulize mtu. Haki ikae kwenye karatasi, ndiko ilikozoea.

6. Muda wa kuleta ombi hili umepita, na ada sina. Hapo naomba utumie hiari yako, unitazame kwa jicho la huruma, uachane na mambo ya vifungu.

Mke wangu nimemweleza. Hakugomba. Alisema niende tu, ila nikirudi nisiulize kimepikwa nini.

Wasalimie makarani wote, mfagizi wa korido, na yule mlinzi wa getini aliyenivua kofia.

Wako katika kudai haki isiyochanganywa na huruma,

Mume wa Saluni
(mtaani: Mzee wa Vifungu)

N.B. Mheshimiwa, nakala ya barua hii niliwapelekea kampuni ya bima asubuhi, kama utaratibu unavyotaka. Wakili wao amenishukuru kwa mikono miwili, na ameshaileta kwako kabla yangu. Anakubaliana nami neno kwa neno: mkataba usomwe ulivyo. Na ulivyo, nyaya kuukuu hazifidiwi, kwa hiyo hapati mke wangu wala sipati mimi. Tafadhali soma yote ya juu kinyume chake. Hiari ya yule mama ni pana, ni takatifu, na isiguswe na mahakama yoyote. Wapagazi wa kampuni wako mlangoni, wamekuja kuzichukua draya. Mke wangu amekalia ya kwanza, mteja ya pili, mimi ya tatu, na tumekubaliana hakuna anayeinuka. Hatujakaa pamoja hivi siku nyingi. Amua upesi, Mheshimiwa, maana hii yangu mke wangu ameiwasha.