Mboga Isije Ikazimia

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Tena si wakwe zangu. Ni wakwe wa mtu mwingine kabisa!

Kwa waliosahau: mimi ni yule mwenzenu wa Mombasa, mwandishi wa riwaya mbili ambazo hazijachapishwa (ya tatu iko njiani kutochapishwa). Wiki hii ni ya tatu tangu nivuke mpaka kuja Singida kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Ninakaa na familia moja huku Unyambwa: baba, mama, na binti yao Neema, ambaye tunalingana umri.

Nilikuja na kiburi, sifichi. Wenzangu waliopangiwa nchi za baridi walibeba kamusi. Mimi niliwacheka. Mtoto wa Mombasa aende na kamusi Tanzania? Kutafuta nini?

Siku ya pili nilimwona jirani anatoka kwao, nikamuuliza kwa adabu zote, "Nyanya hajambo?"

Akanijibu, "Zimepanda bei."

(Kwetu nyanya ni mama yake mama yako. Huku ni ile nyekundu ya kwenye mchuzi.)

Basi nikanunua daftari. Kila neno geni naliandika, naligeuza, nalinusa. Nimekuwa mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu kama jasusi. Na ni daftari hilo, wapendwa, lililonipa ujasiri wa kudhani nimeshajua.

Leo Neema alikuwa anaposwa. Mshenga na shangazi wa bwana harusi mtarajiwa walikuwa wanatoka Iguguno na barua. Neema hakulala. Alfajiri alinishika mkono akaniambia, "Wakiondoka wamekunja uso, mimi nimekwisha. Huyo shangazi ndiye aliyemlea. Akisema hapana, ni hapana."

Saa mbili asubuhi Baba alikuwa ameshakwenda shambani, Neema yuko kwa jirani anasukwa. Mama akajifunga kitenge vizuri, anakwenda mjini kununua mchele na soda. Mlangoni akageuka.

"Mwanangu, mboga ya wageni iko nyuma ya jiko, nimeifunika na tenga. Uiwekee maji. Jua la leo kali, isije ikazimia."

Mboga kuzimia! Jamani! Kwetu tungesema inanyauka, basi, neno kavu lisilo na roho. Huyu mama, ambaye hajawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja wa waandishi, ametamka sitiari mlangoni huku anatafuta kandambili. Nikakimbilia daftari. Nikaandika: *mboga huzimia*. Nikapigia mstari mara mbili.

Kisha nikachukua kopo la maji, nikazunguka nyuma ya jiko, nikafunua tenga ili niinyunyizie mboga.

Ndani palikuwa na jogoo.

Jogoo mkubwa, mwekundu, mkia wa kijani unaong'aa. Amesimama katikati kama mwenye nyumba. Hapakuwa na jani hata moja.

Nikaelewa yote palepale (wapelelezi wa riwaya zangu nao huelewa hivihivi, ndiyo maana hazichapishwi). Jogoo ameingia chini ya tenga. Jogoo amekula mboga ya wageni. Yote!

"Mwizi mkubwa wewe!" nikamwambia.

Akanitazama kwa jicho moja.

Nikaona ana kamba mguuni, imefungwa kwenye jiwe. Nikasema kumbe katika kuiba kwake amejinasa. Nikamfungua. (Ndiyo. Nilimfungua mimi. Kwa vidole hivi ninavyoandikia.) Halafu nikashika ufagio nikamfukuza hadi kwenye alizeti. Alisita kidogo ukingoni mwa shamba, akageuka kunitazama, kama mfungwa aliyeachiwa bila hata kukata rufaa. Kisha akaingia kati ya mabua. Nikasikia majani yanachakarika, yanachakarika, halafu kimya.

Nilijisikia shujaa.

Lakini mboga je? Nikaenda kwa jirani yule wa nyanya kupanda bei. "Naomba mboga, mama, tuna wageni." Akanipa mlenda, furushi zima, mbichi, bado una umande. Wiki tatu nimeula mlenda karibu kila siku, nikajifunza kuuchambua, kuukatakata na kuupika na karanga. Leo niliupika kwa moyo wote. Nikaujaza kwenye ile hotipoti yenye maua, ambayo hutolewa kwa wageni tu.

Mama alichelewa usafiri. Alifika saa saba na nusu, wageni wamekaa tayari sebuleni na Baba. Akaingia jikoni anahema.

"Mwanangu, nimechelewa, nimekwisha! Mboga je?"

"Iko tayari, Mama. Nimeshapika."

Akaacha mfuko wa mchele uteleze hadi chini. "Umeipika? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Nani alikushikia?"

Swali hilo lilinishangaza kidogo. "Anishikie nini, Mama? Nilichukua kisu nikakata."

"Peke yako! Haikukusumbua?"

"Ilikuwa inateleza tu mkononi."

Mama akanikumbatia. "Na tuliambiwa watu wa pwani walegevu! Kumbe una roho ngumu hivi?"

(Nikaona anakuza mambo. Ila sifa hazirudishwi.)

Wali ukaiva haraka. Neema, kwa kuwa ndiye anayeposwa, alibaki chumbani nyuma ya pazia. Mimi nikapewa heshima ya kuhudumia. Nikapiga goti kidogo, nikanawisha wageni mikono, shikamoo kwa mshenga, shikamoo kwa shangazi, marahaba, marahaba. Mshenga ni mzee mwembamba mwenye koti la kahawia. Shangazi ni mama mnene, mtulivu, anayekutazama kana kwamba anakupima kwa mzani.

"Karibuni mboga," nikasema. Nikafunua hotipoti.

Mshenga akachungulia. Akachota kijiko, akakiinua. Mlenda ukainuka nacho, ukavutika, ukavutika, ukagoma kukatika. Akainua mkono hadi usawa wa sikio. Bado umeshikilia.

Shangazi akamnong'oneza kwa Kinyiramba. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa uso.

Mshenga akarudisha kijiko polepole. "Baba Neema," akasema. "Mlenda ni chakula changu. Leo asubuhi nimeuacha nyumbani kwangu. Lakini sisi ni watu wazima. Mtu akitaka kukwambia hapana, si lazima afungue mdomo. Anaweza kufungua hotipoti."

Baba akawa wa rangi ya majivu. Pazia la chumbani likatikisika, nikaona vidole vya Neema vimeling'ang'ania.

Mama akanigeukia. Sauti yake ilitoka ndogo sana. "Jogoo yuko wapi?"

"Jogoo yupi, Mama?"

"Jogoo niliyemfuata mnadani Ikungi! Niliyekwambia nimemfunika na tenga!"

"Mama, uliniambia mboga."

"Ndiyo! Mboga!"

"Mboga aliila jogoo, Mama."

Mama akajishika kichwa.

"Aliila yote," nikaendelea (kwa nini niliendelea?). "Nilimkuta mlemle ndani. Nikamfungua kamba nikamfukuza na ufagio. Nikamwambia mwizi."

Ndipo nikamwona Baba ananitazama vile jogoo alivyonitazama, nikaelewa mboga ilikuwa nani. Nikamgeukia mshenga. Hapo sikuwa tena nalinda heshima yangu, bali ya Neema.

"Mzee wangu, kosa ni langu, si la nyumba hii. Kwetu mboga ni majani. Kuku ni kitoweo. Mimi sikujua kwamba mboga inaweza kuwa na manyoya."

Mshenga akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Kwa hiyo samaki kwenu si mboga?" akauliza, machozi yanamtoka.

"Si mboga, Mzee."

"Na maharage?"

"Hapana."

"Maskini jogoo wa watu," akasema shangazi, bado amekaza uso. "Kufungwa kafungwa, na wizi kasingiziwa."

Hapo nyuma ya pazia kikalipuka kicheko. Si kile cha kike cha kuziba mdomo na kanga. Kicheko cha Neema, kikubwa, chenye mkoromo katikati. Binti anayeposwa, ambaye hakutakiwa asikike hata akikohoa!

Mama akafumba macho.

Shangazi akageuza kichwa kuelekea pazia. Akasikiliza hadi kikaisha. Kisha, polepole, uso wake wote ukafunguka.

"Huyo ndiye mwenyewe?"

"Ndiye," akasema Baba, kwa shida.

"Nyumba ya mtoto wangu ina kimya mno. Barua ipokeeni. Kicheko hicho tunakichukua."

Mama akapiga vigelegele, jikoni wakaitikia majirani ambao kumbe walikuwa wamejazana wanasikiliza. Mshenga aliongeza mlenda mara mbili. Alipoondoka alimshika Baba mkono akasema, "Siku ya mahari tutakuja na mboga yetu wenyewe. Ila huyu mgeni asiachwe peke yake nayo."

Neema amenisamehe. Mama bado anacheka akikutana na ufagio. Nami kwenye daftari nimefuta ile sitiari, nikaandika kanuni: huku nikikabidhiwa mboga, kwanza nauliza ina miguu mingapi.