Keziah Binti Nani

Jumatatu, 7 Oktoba 2002
Nimepata njia ya kwenda Marekani! Bibi Loretta wa chumba namba sita, hapa kwenye nyumba ya wazee Edmonton ninapofanya kazi, anatafuta jina. Kwao Karolina Kusini. Aliolewa na Mwingereza, akazeekea huku Uingereza. Mama wa kwanza wa ukoo wao kule aliitwa Keziah, mke wa mlowezi. Keziah binti nani? Hakuna ajuaye. Binti yake Bibi, aliyeko kule kwao, Charleston, anachongesha jiwe lenye majina ya kina mama wote. Atakayelipata jina la kwao Keziah ataalikwa sherehe ya kulizindua, na barua ya viza juu yake. Daktari kasema Bibi hamalizi mwezi. Niharakishe.

Jumatano, 9 Oktoba
Kumbe Faridah naye yumo! Huyu Mmombasa wa zamu yangu, kila jambo yeye. Ameshaandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka kule Karolina tangu Agosti. Kaniambia utafiti unataka subira. Subira! Mimi nimekaa saa tatu kwenye intaneti, maktaba ya Tottenham. Akina Keziah mia mbili. Wote wana waume. Hakuna mwenye baba.

Ijumaa, 11 Oktoba
Jina limenijia lenyewe, limeandikwa juu ya basi liendalo mtaa wa pili: Ponders End. Keziah Ponders! Lina heshima. Nimechovya karatasi kwenye chai, nikaitia ovenini. Ya kwanza imeungua. Ya pili inanuka iliki. Ya tatu safi: cheti cha ndoa, mwaka 1741, na muhuri juu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mtoto wa Faridah ana tetekuwanga, kaomba ruhusa siku nne. Kaniachia bahasha kutoka Karolina, mwenyewe keshaisoma, kanisihi nimsomee Bibi leo leo. Nimeifungulia chooni. Nakala ya wosia. Mlowezi anasema alimnunua Keziah mnadani, msichana mdogo, pamoja na ng'ombe wawili. Akazaa naye. Sasa anamwacha huru, yeye na watoto wao. Jina la kwao halimo. Hakuna aliyemuuliza.

Nimeisoma mara mbili. Kwetu Unguja yupo bibi mmoja wa zamani wa ukoo wetu, aliyeletwa utumwani, tunayemwita Mnyasa tu, basi.

Kisha nikawaza: nani atamwalika mtu kwa habari kama hii? Bahasha nimeisukumia nyuma ya shuka kabatini.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimevaa tai. Nimemsomea Bibi cheti kwa sauti: Keziah Ponders, binti wa mchungaji. Nikangoja machozi ya furaha.

Bibi akanitazama sana. Akasema, "Nilipokuwa na miaka saba, bibi yangu alininong'oneza kwamba Keziah alinunuliwa. Mama akamwita mwongo mbele yangu. Miaka sabini na minane nangoja mtu aniambie kwamba bibi alisema kweli." Akauliza kama nina hakika.

Kabati lilikuwa hatua kumi. Nikasema nina hakika, muhuri huu hapa.

"Basi alikuwa mwongo," akasema, akageukia ukuta. Chakula hakugusa.

Ijumaa, 18 Oktoba
Bibi Loretta amefariki asubuhi, nikimtengenezea uji. Faridah karudi leo, kauliza kama wosia ulimfurahisha. Nikasema mno. Akaenda kabatini kuchukua shuka ya kumfunika.

Alirudi na bahasha, akakaa kitandani, akamsomea Bibi wosia wote, polepole, mstari kwa mstari, kama vile anasikia. Nilisimama mlangoni na bakuli. Uji ukapoa.

Jumatatu, 28 Oktoba
Binti wa Charleston ameandika. Faridah alimpelekea wosia. Mimi nilishatuma Ponders. Anatushukuru sote. Amechagua Ponders. Jiwe limeshachongwa, naalikwa Mei! Faridah haniitikii hata salamu. Wivu huo.

Na Mzee Pradip wa namba tisa, mzaliwa wa Kisumu, kanishika mkono leo. Kasikia mimi bingwa wa nasaba. Babu yake alitoka kijiji gani huko Gujarati, hajui, na angependa kujua kabla hajafa. Nimemwambia anipe mpaka Ijumaa. Kijiji kazi nyepesi kuliko jina.