Wananchi wa Gibson

Kapsiroi ni mji mkubwa kuliko Kericho! Ukitaka kubishana, usibishane na mimi. Bishana na Gibson Kipngeno.

Jiografia yenyewe ni hii: kaskazini majani chai, kusini majani chai, mashariki majani chai tena ukipenda. Magharibi kuna mto ambao ng'ombe wawili wakinywa pamoja, wa tatu anangoja mvua. Wakazi? Boma chache, kanisa moja, na hoteli ya Beldina, mama aliyetoka upande wa ziwa akakaa kwetu mpaka hata mbwa wakaacha kumbwekea.

Balaa ililetwa na chifu.

"Nyinyi ni wachache," alituambia. "Jumamosi nakuja kujionea. Mkiwa wengi, mtachagua mzee wenu wa kijiji hapo hapo. Mkiwa wachache, nawaunganisha na wale wa ng'ambo ya mto."

Lo! Kiti cha mzee wa kijiji! Gibson alikitamani vile ndama anavyotamani chuchu. Alikuwa ameshamfundisha mke wake, Nelvine, kumwita mheshimiwa wakati wa kumpelekea chai.

Watu hawakutosha, basi akaenda kuwaazima. Alimpata Phelix, mchuma chai wa estate jirani.

"Leta wenzako, ndugu yangu. Kazi ni kusimama tu, halafu kuna githeri ya nguvu, mahindi na maharagwe mpaka mshibe."

"Na nyama?"

"Itakuwa na nyama!"

Jumamosi Kapsiroi ilifurika! Nyasi zilikosa pa kuota. Kando ya ua, Beldina, aliyepewa kazi ya upishi, alikuwa akikoroga sufuria kubwa kama tangi la kanisa.

Chifu alishika kichwa. Akamuuliza Phelix, "Wewe unaishi wapi hapa?"

"Kwa Gibson."

"Na wewe?"

"Kwa Gibson, mkubwa."

"Na nyinyi wote kule nyuma?"

"Kwa Gibson!"

Chifu akaitazama ile nyumba ya mabati, vyumba viwili na kibanda cha kuku. "Gibson, hawa wote wanalala kwako?"

"Chifu, mimi ni mtu ya watu."

"Haya basi, mmetosha. Anayetaka uzee wa kijiji asimame."

Gibson akapanda kichuguu, koti limefungwa vifungo vyote, kifua mbele kama jogoo wa Krismasi. Mpinzani hakuwa naye. Sisi huku kwetu hatutumii karatasi: unajipanga nyuma ya unayemtaka, chifu anahesabu vichwa, kwisha.

Hapo hapo Beldina akafunua sufuria. Harufu ikatembea.

"Pangeni laini!" chifu akapaza sauti.

Jamani! Watu walikuwa na njaa tangu alfajiri. Walipanga laini moja safi, kutoka kwa sufuria mpaka barabarani. Nelvine alikuwemo, sahani mkononi. Nyuma ya Gibson kulikuwa na upepo.

Chifu akahesabu mpaka akachoka. "Mama Beldina, hongera! Wewe ndiye mzee wa kijiji."

"Chifu, ngoja!" Gibson alipiga yowe. "Hao wanangoja chakula!"

"Chakula ya nani? Kuna mtu anahonga wapiga kura hapa?"

Gibson akakana haraka. "Hapana... ni ya Beldina. Ana hoteli."

"Basi ni kazi yake."

"Lakini hao si wa hapa!"

"Gibson. Si umeniambia wanalala kwako?"

Beldina naye akapangusa mikono kwa leso, akaangalia ile laini ndefu.

"Mimi sikuomba," alisema. "Lakini watu wakikupenda hivi, utakataa vipi?"

Gibson akashuka kichuguuni, akaja moja kwa moja mbele ya sufuria na sahani yake. Beldina akainua mwiko.

"Baba, kwa kijiji yangu hakuna kuruka laini."

Gibson akaenda nyuma kabisa, nyuma ya mke wake.