Diwani Hataki Kuingia Stoo

Jumatatu, 11 Novemba

Siku mbaya. Naandika miguu nimeipandisha kitini, kwa mwandiko huu nisilaumiwe.

Asubuhi nilimfungulia paka wetu Diwani mlango wa stoo, kama kawaida, akakague panya kwenye magunia. Akaingia kwa madaha, mkia juu. Mara nikasikia sauti kama ya tairi linalotoka upepo. Diwani akatoka akiruka, manyoya yote yamesimama, akakanyaga bega langu, akapotelea chini ya kitanda. Nikachungulia. Nyuma ya magunia ya ulezi kulikuwa na mkia mweusi ukijivuta taratibu. Ukajivuta, ukajivuta, hauishi!

Swila. Wale wanaotema mate machoni.

Nilifunga mlango. Sikukimbia. Nilitembea haraka sana.

Mke wangu Bertilla yuko Laela kwa binti yetu Sharon, aliyejifungua. Anarudi Jumamosi, na ninavyomjua, kabla hata ya kuvua viatu ataingia stoo kuchota mahindi ya kupeleka mashine. Alipiga simu mchana, akauliza mbona nahema. Nikasema nafanya mazoezi. Nimwambie kuna nyoka, na mimi baba mwenye nyumba nimekaa sebuleni? Hapana.

Mpango: Diwani arudishiwe ujasiri. Akishapona ataingia yeye kwanza, mimi nyuma yake. Nyuma kwa mbali.

Jumanne, 12 Novemba

Diwani hajala. Birika likichemka anaruka. Amekojolea kandambili zangu. Nilipoinama kumtazama, macho yake yalikuwa makubwa, meusi, kama ya mtu aliyefiwa. Roho iliniuma. Pia nilimwonea wivu. Mimi chini ya kitanda sienei.

Nikanunua dagaa wa Kabwe, wale wanono. Nikawapanga mmoja mmoja kutoka chumbani hadi mlango wa stoo. Wa mwisho nilimrusha kwa mbali. Ndani kukasikika mchakacho! Sahani ikaniponyoka ikavunjika.

Nilipotulia na kurudi, dagaa walikuwa wanaliwa kwa mpangilio mzuri kabisa. Si na Diwani. Na Pilipili, paka wa jirani yangu Luciana, jike nene lisilo na haya. Luciana akasema kutoka ng'ambo ya ua kwamba paka wake hajawahi kuogopa kitu tangu azaliwe. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 13 Novemba

Nimewaza vizuri. Anayeogopa nyoka azoezwe umbo la nyoka. Nikakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, nikakifunga kamba, nikakiburuta chumbani polepole huku nikimwimbia Diwani kwa upole.

Diwani akapanda pazia. Pazia likashuka na bomba lake, likanipiga utosini.

Jioni natoka chooni, giza linaanza kuingia, nikakanyaga kitu laini, cha baridi, kirefu. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Ulikuwa ule mpira wangu. Majirani wakajaa. Luciana akauliza kumetokea nini. Nikamjibu kwamba nafanya mazoezi ya kwaya. Akataka kujua naimba sauti ya ngapi, maana kwenye kwaya yao ile huimbwa na wasichana.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemeza kiburi, nikamwomba Luciana aniazime Pilipili awe mwalimu. Nikawafungia wawili chumbani. Ukasikika mlio, kishindo, kimya. Nikafungua. Pilipili amelala juu ya mto wangu. Diwani yuko juu ya kabati, sikio linatoka damu.

Nimeharibu zaidi.

Ngeleja, jirani anayetuletea maziwa, akanikuta nimekaa kizingitini na pamba mkononi. Ni mfugaji, familia yao ilihamia huku kutoka Usukumani. Akasema, mzee, mnyama aliyeshtuka haburutwi, anaachwa. Kisha akauliza alishtushwa na nini. Ulimi ulikuwa tayari kusema. Lakini nikaona Luciana anafua upande wa pili, masikio wazi. Nikasema: radi.

Ngeleja akatazama anga. Leo jua limewaka kutwa nzima.

Kesho nitamweleza. Au keshokutwa asubuhi, kabla basi la Laela halijafika.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika kwa jicho moja.

Bertilla hakungoja Jumamosi. Amepata lifti ya lori la mahindi. Nilikuwa bafuni, nikasikia komeo la stoo likifunguliwa.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikatoka na taulo na miwani. Bertilla ameinama, debe mkononi, anaimba. Juu ya gunia, karibu na bega lake, lile jinamizi limeinua shingo, limeipanua kama mwiko.

Sijui miguu yangu ilifikaje. Nilimkamata khanga, nikamvuta, tukaanguka nje wote wawili. Kitu cha majimaji kikapiga miwani yangu, kingine kikapenya pembeni. Moto! Bertilla akaufunga mlango kwa kisigino. Akanikokota hadi kwenye ndoo, akanimwagia maji jichoni, mengi. Akachota tena, akamwaga tena, hadi ndoo ikaisha.

Halafu akauliza nimejua tangu lini.

Nikasema Jumatatu.

“Jumatatu, Baba Sharon?” Kisha akalia. Hakunigombeza, alilia tu, amekaa pale kwenye matope. Afadhali swila.

Ngeleja alikuja na nduguye na fito ndefu. Wakatoa gunia moja baada ya jingine, wakammaliza. Alikuwa na urefu wa mlango. Hospitali wamenipa dawa, wamesema maji ya Bertilla ndiyo yameokoa jicho.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa Bertilla aliketi sakafuni chumbani, akachambua maharage. Hakumwita Diwani. Hakumtazama. Mimi nilikuwa mlangoni, nimebana pumzi.

Muda mrefu. Kisha pua ikatoka chini ya kitanda. Kisha sharubu. Diwani akaja anajikunja, tumbo chini, akaweka kichwa kwenye unyayo wa Bertilla. Bertilla akaendelea na maharage yake, machozi yanamtoka.

Nikapiga makofi kumpongeza. Diwani akarudi chini ya kitanda. Nimeamriwa kukaa nje hadi nitakapoitwa.

Jumatano, 27 Novemba

Leo! Mlango wa stoo ulikuwa wazi, tundu la ukutani alimopitia swila limezibwa kwa saruji. Diwani akafika kizingitini. Akasimama. Masikio yakageuka huku na huku. Mguu mmoja wa mbele hewani. Moyo wangu ulisimama pamoja na mguu ule. Kisha akaingia, peke yake. Nilisali sala zote ninazozijua. Akatoka na panya mdomoni, mkia juu.

Bertilla anasema amepona kwa sababu tulimwacha. Sikumbishia, lakini ukweli unajulikana. Ni dagaa, mpira na mwalimu wangu, vilikuwa vinafanya kazi ndani kwa ndani, kama dawa za mitishamba.

Nimemweleza Ngeleja. Akasema yeye ana maksai wa kulimia, tangu apitiwe na pikipiki kwa karibu, akisikia mlio tu anavunja nira. Anataka kumpumzisha msimu huu. Nikamwambia asithubutu, amefika kwa mtaalamu. Akakataa mara mbili. Ya tatu akanyamaza, na kunyamaza ni kukubali.

Kesho asubuhi naazima pikipiki isiyo na eksozi. Bertilla sijamwambia, atapata wasiwasi wa bure. Kamba ya maksai nitaifunga kiunoni mwangu, asije akaniponyoka.