Nilipokufa Nyuma ya Duka la Amoit

Jameni, leo nimejiaibisha Mundika nzima. Busia mjini pia. Na kama habari imevuka mpaka, basi ndugu zetu wa Uganda nao wanisamehe.

Kila Jumamosi mchana tunakutana watatu kwenye chumba cha nyuma cha duka la Amoit, fundi wa nguo pale Busia. Tunacheza mchezo wa kusimulia. Hauna ubao, hauna karata. Amoit anatuambia tuko wapi na nini kimetokea. Mimi na rafiki yangu Wafula kila mtu ana mhusika wake, tunasema atafanya nini, halafu dadu inaamua kama ataweza. (Ndiyo, nina ndevu na kazi ya kutengeneza simu. Endelea kusoma.)

Mhusika wangu anaitwa Barasa. Yeye na mwenzake, wa Wafula, wanapeleka chumvi ng'ambo ya milima. Sasa, Barasa alikuwa na siri. Alikuwa mgonjwa wa kifua na hangefika. Amoit peke yake ndiye alijua. Kila Barasa akiomba kupumzika, Wafula anamwita mvivu na kumwongezea gunia. Mimi nacheka moyoni. Siku siri ikitoka, huyu jamaa atalia!

Wafula hapendi siri. Ni karani wa mizigo Malaba, siku nzima watu wanamficha kilicho ndani ya lori. "Wahusika wafichane," yeye husema, "lakini sisi tulioketi hapa tuambiane." Mimi nasema ukijua mapema, utamu umeisha. Tumebishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa, si mara moja.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kutoboa siri.

Asubuhi nikaingia bafuni kufanya mazoezi. Bafu letu ni mabati na anga, basi. Nikajipaka sabuni, nikasema kwa sauti ya mtu anayekata roho:

"Ndugu yangu, nimekuficha. Daktari aliniambia kitambo. Hiki kifua hakiponi. Sitafika. Lakini tafadhali, mama asiambiwe."

Nikakohoa. Nikarudia, nikakohoa zaidi. Mara ya mwisho nikalia kabisa. (Sabuni ilisaidia.)

Kutoka na taulo, namwona jirani yetu Mama Ekisa upande wa pili wa ua, anaanika mihogo. Alikuwa ameshika kipande kimoja hewani, hajui akiweke wapi.

"Ouma, mwanangu," akasema polepole, "umekula?"

"Nitakula mbele, mama."

"Kula, baba. Kula chochote moyo unataka."

Nikasema moyoni, wueh, huyu leo ameamka vizuri. Mama yangu hakuwa nyumbani, ilikuwa zamu yake kusafisha kanisa. Nikavaa, nikapanda boda, nikaenda zangu kufa.

Mchezo ukaanza. Tukafika mlima wa mwisho. Barasa akaketi.

"Inuka, mvivu," Wafula akasema. "Chukua gunia."

Basi nikalala sakafuni kwa Amoit, katikati ya vipande vya vitambaa, kichwa nikaweka kwa miguu ya Wafula. Nikayasema yote. Daktari. Kifua. Mama asiambiwe.

Wafula akaniinamia. Halafu akauliza, si kwa sauti ya mhusika wake, kwa yake mwenyewe: "Tangu lini?"

"Tangu tutoke nyumbani."

"Na yale magunia yote?"

Amoit akajifuta macho na kipande cha kitenge. Mimi ndani nilikuwa nasherehekea! Ili nimalizie vizuri, nikakohoa, nikafumba macho, nikaacha mkono uanguke.

Mlango ukafunguka.

"Mwanangu! Woi, mwanangu!"

Mama. Ufagio wa kanisa bado mkononi. Nyuma yake Mama Ekisa, miguu mitupu. Nyuma yao katekista, na kitabu cha sala tayari kimefunguliwa.

Mama aliniangukia pale chini akanikumbatia kichwa mpaka sikio likakunjika. Nilitaka kusema kitu, lakini mdomo ulikuwa umezama kwenye leso. Katekista akaanza sala ya wanaokufa. Wafula, kwa kuchanganyikiwa, akaitikia "Amina." Barabara yote ikajaa mlangoni. Nikasikia mmoja anauliza, "Amekata roho saa ngapi?"

Nikapata pumzi. "Mama, ni mchezo!"

"Homa imepanda kichwani," katekista akasema, akaongeza sauti.

Ikabidi Amoit asimame katikati na dadu mkononi. "Mama, si Ouma. Anayekufa ni Barasa!"

"Barasa naye yuko wapi?" katekista akauliza. "Tumwombee pia."

Maelezo yalichukua muda. Watu wakaondoka wakishikana mabega kwa kicheko. Mwingine akaniambia, "Pole na msiba wako, boss."

Mama hakucheka. Aliketi kwenye kigoda cha Amoit, ufagio magotini. Nikangoja kofi.

"Huyo Barasa," akauliza, "kwa nini alisema mama asiambiwe?"

Nikamwambia niliweka tu hayo maneno ili watu walie.

"Baba yako pia alisema nisiambiwe."

Nilijua baba alikufa kwa malaria. Ndivyo nilivyoambiwa nikiwa mdogo, na sikuwahi kuuliza tena.

"Kila mara alisema malaria," mama akaendelea. "Nami namtuma maji, namwambia harakisha tumalize kupalilia. Daktari alijua. Kaka yake alijua. Mimi nikaambiwa nikiwa mlangoni pa wodi." Akanyoosha nyuzi za ufagio kwa vidole. "Ningemnyang'anya lile jembe."

Wafula ndiye aliongea.

"Mama, mimi ndiye nilikuwa namwongezea magunia."

"Ulikuwa hujui," mama akamwambia. Akamshika mkono. "Hukuambiwa, mwanangu. Ulikuwa hujui."

Halafu Amoit akasema kwa sauti ndogo, "Barasa hajafa bado. Sijarusha dadu."

Wafula akafuta pua. "Basi chumvi naimwaga. Yote. Barasa namweka mgongoni, tunarudi kwao."

"Mama yake atakuwa ameweka uji," mama akasema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida kabisa.

Amoit akarusha. Sitawaambia ilianguka ngapi. Barasa alifika kwao, na uji alikunywa.

Tulirudi Mundika na mama jioni kabla ya giza. Kumbe habari ilitutangulia. Viti vya plastiki vimepangwa uani, turubai limefungwa, na kina mama wa jumuiya wanawasha moto. Niliposhuka kwenye boda, mmoja alipiga kelele akaangusha sufuria.

Kwa hivyo natangaza rasmi: mimi ni mzima. Naomba msicheke. Na wewe uliye njiani kutoka Bumala na kuku wa kuniaga, tafadhali usimrudishe nyumbani. Marehemu ana njaa.